Gurudumu la Tatu: Kugeuza Baiskeli Kuukuu Kuwa ya Magurudumu Matatu

Nyuma ya vibanda vingi vya mafundi wa baiskeli hulala fremu kuukuu ambazo wenyewe wamekwisha kuzikatia tamaa. Rimu zimeliwa na kutu, matairi yamekwisha, lakini mabomba ya fremu bado ni mazima. Baiskeli mbili za namna hii, vyuma vichache na siku kadhaa za kazi zinatosha kuunda chombo cha magurudumu matatu chenye uwezo wa kubeba madumu matano ya maji ya lita 20, yaani kilo 100, mzigo ambao baiskeli ya kawaida huubeba kwa mashaka.

Mafundi wengi wamekwisha kujaribu. Njia inayotumika zaidi ni kuondoa gurudumu la nyuma, kuchomelea ekseli ndefu mahali pake na kutia gurudumu moja kila upande. Siku ya kwanza chombo hupendeza. Baada ya wiki chache gurudumu moja limepinda mfano wa jani kavu, au chombo kimempindua mwenyewe kwenye kona ambayo kwa baiskeli alizoea kuipita bila hata kuifikiria. Lawama hutupiwa mchomeleaji, ingawa mara nyingi kazi yake ilikuwa nzuri. Kilichokosekana ni hesabu, na hesabu zenyewe hazizidi zile za fizikia ya kidato cha tatu. Makala haya yanazifuata moja baada ya nyingine, kwa kutumia vipimo vya baiskeli nzito ya magurudumu ya inchi 28, ambayo ndiyo iliyoenea zaidi vijijini.

Tofauti ya baiskeli na meza

Baiskeli iliyosimama huanguka. Inapokwenda haianguki, kwa sababu mpanda, pengine bila kujua, huuelekeza usukani upande ule anakoangukia, na magurudumu hurudi chini ya uzito wake. Kwenye kona hujilaza kuelekea ndani, hata jumla ya uzito wake na kani inayotokana na kupinda ikapita sawasawa katika mstari wa matairi. Kwa hiyo gurudumu la baiskeli karibu halipati kamwe kusukumwa ubavuni. Njiti zake nyembamba huvutwa katika bapa la gurudumu tu, na ndiyo maana gurudumu lenye uzito usiofika kilo tatu huweza kumbeba mtu mzima na gunia lake.

Chombo cha magurudumu matatu husimama kama meza. Hakihitaji mizani ya mpanda. Lakini pia hakiwezi kujilaza. Kinapopinda, kila kilichomo hutaka kuendelea mbele kwa mstari ulionyoka, na mzigo huo wa ubavuni huangukia magurudumu, njiti na ekseli. Mwendeshaji aliyezoea baiskeli hushangaa kuona chombo chake kipya kinamsukuma nje ya kona. Vilevile kwenye barabara iliyoinamia pembeni, kama zilivyo nyingi ili maji ya mvua yatiririke, chombo hujaribu kuteremka kuelekea mtaroni muda wote, na mikono huchoka kuuzuia usukani.

Matatizo haya si mapya. Katika miaka ya 1870 na 1880, kabla ya baiskeli ya sasa kuenea, vyombo vya magurudumu matatu vilipendwa sana Uingereza na watu ambao hawakuthubutu kupanda baiskeli ya gurudumu refu la mbele. James Starley, fundi wa mji wa Coventry, alitengeneza vyombo vya namna hiyo. Inasimuliwa kwamba siku moja alipanda pamoja na mwanawe William chombo ambacho kila mmoja wao alikuwa akiendesha gurudumu la upande wake. Kijana alikuwa na nguvu kuliko baba, chombo kikapinda na kuwamwaga kando ya njia. Mwaka 1877 Starley alipata hataza ya mpango wa meno unaogawa nguvu sawa kwa magurudumu mawili huku ukiyaruhusu kuzunguka kwa kasi mbalimbali. Huo ndio unaoitwa difu na mafundi wa magari, na kila lori lina difu yake chini ya tumbo. Wazo lilikuwa limekwisha kutumiwa kwenye gari la mvuke Ufaransa miaka hamsini hivi kabla yake, lakini ni baiskeli ya magurudumu matatu iliyolifanya lijulikane.

Pembetatu na kona

Magurudumu matatu hugusa ardhi mahali patatu. Mistari ikichorwa kuunganisha sehemu hizo, hupatikana pembetatu yenye kitako nyuma na ncha mbele. Ikiwa mstari wima unaoshuka kutoka kitovu cha uzito unaangukia ndani ya pembetatu hiyo, chombo husimama. Mwanafunzi atambue jambo moja hapa: pembetatu ni nyembamba mbele. Kadiri kitovu cha uzito kinavyosogea mbele, ndivyo kinavyokaribia kingo zake.

Ichukuliwe kwamba magurudumu ya nyuma yametengana sentimita 80, na kwamba umbali kutoka ekseli ya nyuma hadi ya mbele ni mita 1.20, kama ulivyokuwa kwenye baiskeli yenyewe. Mwendeshaji ana kilo 60, chombo kilo 35. Mtu akiwa juu ya tandiko, kitovu cha uzito cha vyote viwili kitakuwa takriban sentimita 90 kutoka ardhini na sentimita 40 mbele ya ekseli ya nyuma. Mahali hapo nusu ya upana wa pembetatu haifiki sentimita 40. Ni 40 mara 80 gawanya kwa 120, yaani karibu sentimita 27.

Kwenye kona yenye nusu kipenyo r, chombo chenye mwendo v kina mchapuko wa v²/r kuelekea ndani. Gurudumu la ndani huanza kuinuka pale uwiano wa mchapuko huu na ule wa mvutano wa dunia (9.8) unapolingana na uwiano wa nusu ya upana na kimo cha kitovu. Hapa uwiano wa pili ni 27 kwa 90, yaani 0.30. Mchapuko wa mwisho basi ni mita 2.9 kwa sekunde kila sekunde. Kwenye kona ya mita 4, kama ile ya kuingilia kichochoro, mwendo wa mwisho ni mita 3.4 kwa sekunde, au kilomita 12 kwa saa. Huo ni mwendo wa kijana asiye na haraka. Baiskeli ingepita hapo bila shida yoyote.

Wengi hudhani kwamba mzigo utazidisha hatari hiyo. Madumu matano yakiwekwa katika sanduku lililo chini, katikati ya magurudumu mawili, kitovu cha mzigo kikiwa sentimita 55 kutoka ardhini, kitovu cha jumla hushuka hadi sentimita 72 na kusogea nyuma penye upana. Hesabu ikirudiwa, mwendo wa mwisho kwenye kona ileile hupanda hadi kufikia kilomita 15 au 16 kwa saa. Chombo kilichobeba maji yake chini kinatulia kuliko kitupu. Mtu anayerudi kisimani hupita kona salama, kisha hupinduka hapohapo anapokwenda tena na madumu yakiwa matupu, naye hubaki akijiuliza.

Ekseli ikae wapi

Hatari ya mzigo iko nyuma. Sanduku haliwezi kuingia chini ya tandiko, kwa sababu miguu ya mwendeshaji inahitaji nafasi. Sanduku lenye urefu wa sentimita 70 likianzia sentimita 15 mbele ya ekseli, katikati yake itakuwa sentimita 20 nyuma ya ekseli. Mwanafunzi akipiga momenti kuizunguka ekseli atapata kwamba, pamoja na mwendeshaji na mzigo wa kilo 100, kitovu cha jumla kiko sentimita 9 tu mbele ya ekseli. Kati ya kilo 195 zote, gurudumu la mbele hubeba kilo 15.

Gurudumu linalobeba kilo 15 haliongozi kitu kwenye mchanga. Zaidi ya hayo, kimo cha kitovu ni sentimita 72, na 9 kwa 72 ni moja kwa nane. Mwinuko wa mita moja kwa kila mita nane unatosha kuliinua gurudumu la mbele hewani na kumwangusha mwendeshaji chali juu ya madumu yake. Njia nyingi zitokazo mtoni zina sehemu kali kuliko hiyo.

Dawa ni kutofunga ekseli mahali lilipokuwa gurudumu la zamani, bali kurefusha fremu kwa mabomba mawili na kuirudisha ekseli nyuma sentimita 20, iwe chini ya katikati ya sanduku. Umbali wa ekseli mbili sasa ni mita 1.40. Gurudumu la mbele hubeba kilo 41, na mwinuko wa kuliinua unakuwa moja kwa mbili na nusu, ambao hakuna mtu atakayeuendesha. Gharama yake ni ndogo: mwendo wa mwisho wa kona kwa chombo kitupu hushuka kutoka kilomita 12 hadi 11 na kidogo kwa saa, na kwa chombo chenye mzigo huwa karibu 15. Mnyororo utahitaji kurefushwa kwa sentimita 40, yaani pingili 32, ambazo hutolewa kwenye mnyororo wa baiskeli ya pili.

Mzigo ukipangwa kwa kurundikwa, kitovu chake kikafika mita 1.10, faida yote ya sanduku la chini hupotea na mwendo wa kona hushuka hadi chini ya kilomita 13. Kuta za sanduku zisizozidi kimo cha madumu ni fundisho zuri kwa mpakiaji kuliko tangazo lolote litakaloandikwa ubavuni.

Ekseli na njiti

Ekseli ya gurudumu la baiskeli ina unene wa milimita 10 au pungufu kidogo, na kwa kazi yake inatosha, kwa kuwa imeshikwa pande zote mbili. Kwenye chombo cha magurudumu matatu gurudumu huning'inia upande mmoja tu, na ekseli huwa wenzo. Kila gurudumu la nyuma litabeba kilo 77, yaani newtoni 755. Katikati ya gurudumu ikiwa sentimita 10 kutoka kwenye beringi, momenti ya kupinda ni newtoni-mita 75 na nusu.

Ugumu wa chuma cha mviringo dhidi ya kupindwa huongezeka kwa kipeo cha tatu cha kipenyo chake. Kwa chuma cha milimita 10 mkazo unafikia takriban newtoni 770 kwa kila milimita ya mraba, wakati chuma cha kawaida huanza kupinda bila kurudi kikifika 250 hivi. Kwa chuma cha milimita 25 mkazo ni newtoni 49. Kipenyo kimeongezeka mara mbili na nusu. Nguvu imeongezeka karibu mara kumi na sita. Akiba hiyo si anasa, maana gurudumu likiingia shimoni mzigo huongezeka ghafla mara mbili au tatu. Tena ekseli inayozunguka hupindwa huku na huku kila mzunguko, mara 450 katika kilomita moja, na uchovu huo wa chuma huanzia penye mkwaruzo au alama ya kuchomelea. Kwa sababu hiyo fundi asichomelee kitu chochote kwenye ekseli karibu na beringi za nje. Nondo za ujenzi, hata zikiwa nene, zina mbavu zisizokubali beringi wala kukerezwa kwa urahisi, ziachiwe zege.

Kitovu cha gurudumu la baiskeli hakipokei chuma cha milimita 25. Hapa ndipo mashine ya kukereza inapohitajika, na shule yenye karakana ina bahati. Kitovu kipya hutengenezwa kwa bomba zito lililokerezwa ndani, na visahani viwili vya bamba la milimita 4 vilivyochomelewa juu yake. Visahani hutobolewa matundu ya njiti. Magurudumu ya nyuma ya baiskeli nzito za mtindo wa Kiingereza yalikuwa na njiti 40, ya mbele 32; basi zitafutwe rimu mbili za nyuma, na kila kisahani kiwe na matundu 20. Visahani vitengane sentimita 8 badala ya tano au sita. Njiti zikitoka mbali zaidi na bapa la rimu huzuia vizuri msukumo wa ubavuni, kama kamba za hema zinavyoshika mlingoti kadiri vigingi vinavyokuwa mbali. Kama rimu za inchi 20 zinapatikana, ni bora zaidi: gurudumu dogo ni gumu kupindika, na sanduku hushuka chini.

Nguvu ipite gurudumu lipi

Ekseli moja ngumu iliyofungwa kwenye magurudumu yote mawili huonekana kuwa njia rahisi, lakini haifai. Katika kupinda robo ya duara, gurudumu la nje husafiri umbali mrefu kuliko la ndani. Tofauti yake ni sentimita 80 mara π gawanya kwa mbili, yaani mita 1.26, na kwa ajabu kiasi hicho hakitegemei ukubwa wa kona. Umbali huo lazima gurudumu moja liuburure. Juu ya mchanga halisikiki. Juu ya lami tairi huliwa na usukani huwa mzito.

Difu ya Starley ingemaliza tatizo, lakini kuitengeneza ni kazi ya karakana kubwa. Kwa chombo cha kwanza inatosha gurudumu moja lifungwe kwenye ekseli kwa pini na kupokea nguvu, la pili lizunguke huru juu ya ekseli hiyohiyo kwa bushi ya shaba iliyotiwa grisi. Nguvu ikitoka upande mmoja chombo hutaka kujipinda, na ni gurudumu la mbele linalozuia. Kwenye mwinuko wa moja kwa kumi, kuupandisha uzito wa kilo 195 kunahitaji newtoni 191. Kani hiyo ikiwa sentimita 40 kutoka katikati, gurudumu la mbele lililo mita 1.40 mbali linapaswa kuzuia newtoni 55 ubavuni. Juu ya changarawe, msuguano ukiwa 0.3, kilo 41 hutoa newtoni 120, na chombo hushika njia yake. Kwa mpango wa kwanza wenye kilo 15 mbele, msuguano ungekuwa newtoni 44 dhidi ya 64 zilizohitajika, na huo ni kabla ya mlima kupunguza uzito wa mbele zaidi. Hivyo kuisogeza ekseli kumetibu ugonjwa wa pili bila kukusudiwa.

Panapoendeshwa kushoto mwa barabara, kama Tanzania, Kenya na Uganda, gurudumu la nguvu liwe la kushoto. Msukumo wake huelekeza chombo kulia na kupunguza ule mvuto wa barabara iliyoinamia mtaroni. Rwanda, Burundi na Kongo, ambako huendeshwa kulia, mambo hugeuzwa.

Meno ya mnyororo

Baiskeli yenye meno 44 mbele na 18 nyuma husonga mita 5.4 kwa kila mzunguko wa pedali. Kwa mtu peke yake kwenye tambarare huo ni mwendo mzuri. Kwa kilo 195 juu ya mwinuko mdogo wa moja kwa ishirini, pamoja na ukinzani wa barabara ya vumbi, kani inayotakiwa hufika newtoni 134. Mwendeshaji angepaswa kukanyaga pedali kwa wastani wa newtoni 680, ilhali uzito wake wote wa kilo 60 ni newtoni 588. Hata akisimama juu ya pedali hatapanda.

Hapa baiskeli kuukuu ya pili huleta faida ambayo hupuuzwa. Gurudumu lake la meno la mbele, nalo la meno 44, lifungwe kwenye ekseli ya nyuma. Meno yakiwa sawa mbele na nyuma, mzunguko mmoja wa pedali ni mzunguko mmoja wa gurudumu, mita 2.2, na kani ya pedali hushuka hadi newtoni 280. Mtu mwenye afya huweza kutoa wati 75 hivi kwa saa nyingi. Kwenye barabara tambarare ya vumbi hizo hutosha kwa kilomita 6 kwa saa, pedali zikizunguka mara 48 hivi kwa dakika. Ni mwendo unaozidi kidogo ule wa mtembea kwa miguu, lakini mtembea kwa miguu hana kilo 100 mgongoni.

Meno hayo yasifungwe moja kwa moja kwenye ekseli, maana pedali zitazunguka hata kwenye mteremko na kumpiga mwendeshaji miguuni. Yafungwe kwa bolti juu ya friwili, ile sehemu itoayo mlio wakati mpanda anapoacha kukanyaga, nayo friwili iwekwe juu ya kitovu kilichokerezwa. Kuichomelea friwili huharibu springi ndogo zilizomo ndani yake.

Breki

Katika vyombo vingi vya kujitengenezea, breki ndicho kitu kinachofikiriwa mwisho, baada ya rangi. Breki ya nyuma ya baiskeli imekwisha kuondolewa pamoja na gurudumu lake, na iliyobaki ni ya mbele tu. Chombo chenye kilo 195 kinachokwenda kilomita 15 kwa saa kina nishati ya juli 1,700. Baiskeli na mpanda wake, kilo 80 kwa jumla, zina juli 700 kwa mwendo huohuo. Na gurudumu la mbele, lenye kilo 41, haliwezi kuzuia zaidi ya newtoni 120 juu ya changarawe kabla ya kuteleza. Umbali wa kusimama ni mita 14. Kama magurudumu yote matatu yangezuiwa sawasawa, ungekuwa mita 3. Mtoto anayekimbilia mpira barabarani yuko kati ya namba hizo mbili.

Kila gurudumu la nyuma lipewe breki yake ya rimu kutoka kwenye baiskeli za zamani. Breki mbili zivutwe na kanyagio moja kwa njia ya kipande cha chuma kilichoshikwa katikati, mfano wa mtambo wa mizani, ili pande zote zivutwe kwa nguvu sawa. Vinginevyo chombo kitajizungusha. Breki ya kuzuia ekseli haifai kwa mpango huu, kwa kuwa ingeshika gurudumu moja tu. Kwenye mteremko mrefu wa moja kwa kumi, kuzuia mwendo usizidi kilomita 15 kwa saa huzalisha joto la wati 800 mfululizo, karibu sawa na pasi ya umeme. Mipira ya breki huyeyuka. Mteremko kama huo uteremkwe polepole tangu juu, na kizuizi cha gurudumu kiwepo kwa ajili ya kusimama.

Mwendeshaji asiyeweza kuruka

Yaliyosemwa hadi hapa yana uzito zaidi pale chombo kinapotengenezwa kwa ajili ya mtu asiyeweza kutumia miguu. Katika miji mingi ya Afrika Mashariki huonekana vyombo ambavyo pedali zake zimepandishwa juu na kuendeshwa kwa mikono. Kwenye mpaka wa Goma na Gisenyi, wafanyabiashara wenye ulemavu wamejulikana kwa miaka mingi kwa kuvusha bidhaa nyingi juu ya vyombo hivyo. Kwao baiskeli ya magurudumu matatu ndiyo miguu, na ndiyo duka.

Mtu mwenye miguu mizima akiona gurudumu linainuka huteremsha mguu au huruka. Asiye na uwezo huo huanguka pamoja na chombo. Hivyo kiti kiwe chini, sentimita 50 au pungufu kutoka ardhini. Kitovu cha uzito kinachoshuka kutoka sentimita 90 hadi 60 huongeza nusu nzima ya uwiano wa usalama, hata bila kupanua chombo ambacho kinapaswa kupita mlangoni. Mikono ina nguvu ndogo kuliko miguu, kwa hiyo meno ya nyuma yazidi ya mbele. Breki nayo lazima ifikiwe na mkono bila kuachia usukani wala pedali, sharti ambalo mafundi wengi husahau kwa sababu wao wenyewe hulijaribu gari hilo wakiwa na miguu yao chini.

Jaribio na maswali

Kabla ya mtu yeyote kupanda, chombo kipimwe. Mfuko wa mchanga wa kilo 60 ufungwe imara juu ya tandiko, sanduku likiwa tupu, kimo chake kikadiriwe kulingana na kiwiliwili cha mtu aliyeketi. Wanafunzi wawili washike kamba iliyofungwa kwenye fremu ili chombo kisianguke, na gurudumu moja la nyuma liinuliwe kidogokidogo kwa matofali na vipande vya mbao. Mkono unaoliinua utahisi uzito ukipungua. Kwa vipimo vya makala haya, likifika sentimita 18 hivi halitakuwa na uzito wowote, na kutoka hapo chombo kitapinduka chenyewe. Maana yake ni kwamba shimo la sentimita 18 chini ya gurudumu moja linatosha, hata kama chombo kimesimama.

Darasa lijibu yafuatayo. Magurudumu ya nyuma yakitenganishwa mita 1 badala ya sentimita 80, mwendo wa mwisho wa chombo kitupu kwenye kona ya mita 4 ni upi, na gurudumu la nguvu litahitaji kuzuiwa kwa newtoni ngapi mbele kwenye mwinuko wa moja kwa kumi? Mwendeshaji akikaa na mtoto wa kilo 30 juu ya bomba la fremu, sentimita 80 mbele ya ekseli ya nyuma na mita 1 kutoka ardhini, sanduku likiwa tupu, je, kona inakuwa salama zaidi au hatari zaidi? Na kimo cha kitovu cha uzito kikijulikana kwa jaribio la matofali badala ya kukadiriwa, ni hesabu zipi katika makala haya zitakazobadilika kwa chombo kilichopo karakanani?